Chini ya Bamba la Kitako

Mume wangu Verlin hununua bunduki
za vita vya watu wengine.
Huja na gari la posta, zimeviringwa karatasi ya nta,
zimeshiba grisi ya rangi ya asali iliyochacha,
nami hukuta sinia langu la kuokea limelazwa vyuma,
oveni inanuka gereji.
"Moto wa chini tu, Lorna," ananiambia,
kama mtu anayepasha maziwa ya mtoto.

Zilikuwa ishirini na mbili ukutani.
Ya Mrusi, ya Mturuki, ya Mserbia,
moja ya Mfini yenye ufa uliozibwa kwa gundi.
Amezisugua hadi mbao zikakumbuka kuwa zilikuwa mti.
Kiwanda anakijua, mwaka anaujua, muhuri anausoma gizani;
nani alizibeba, hajui.
Chuma hakina jina, kina namba.

Januari, hapa Havre, upepo ukipiga madirisha makonde,
ikafika ya Mswisi.
Kitako kimeliwa upande wa chini
kama gunzi lililogugunwa na panya.
Akafungua skrubu mbili, akainua bamba,
na pale, kati ya chuma na mti,
karatasi iliyokunjwa, ndogo kuliko tikiti ya basi:
Zgraggen Alois. Mwaka. Kikosi. Kijiji.
Verlin akakaa sakafuni.
Mtu wa miaka sitini na nane, magoti mabovu,
akakaa sakafuni.

Aliandika. Akafuta. Akaandika tena.
Barua ya namna hiyo huanzaje?
"Bwana, nimenunua bunduki yako kwa bei ya matairi mawili."

Jibu lilikuja Aprili, kwa Kijerumani,
na hapa kwetu wanaokijua ni wauza mayai,
Wahuteri wa kule koloni, wasioshika silaha,
ambao babu zao waliona heri jela kuliko kuzishika.
Jakob Wipf akasimama mlangoni, trei mbili mikononi.
"Bunduki siigusi," akasema. "Barua nitaisoma."

Aliyeandika ni binti. Baba alishafariki, mwaka wa sita sasa.
Majira matatu ya baridi alilinda mdomo wa handaki la reli
akingoja adui ambaye hakuja.
Kitako kililiwa na barafu; ndicho alichopondea
hori la ng'ombe lilipoganda.
Nyumbani ilikaa kabatini, nyuma ya makoti,
mama akiisogeza kila asubuhi apate ufagio.
"Tafadhali tuambieni, bado inavuta kushoto?
Baba alilalamika maisha yake yote
na hakuna aliyemwamini."

Jumamosi Verlin akaenda uwanja wa shabaha.
Risasi tano. Zote kushoto, zimekumbatiana,
upana wa kiganja kutoka katikati.
Akarudi anacheka, macho yamelowa.
Hakuirekebisha.
"Mimi nani hata nimkosoe?"
Ile karatasi yenye matundu akaituma Uswisi;
stempu zilizidi bei ya risasi.

Ningeachia hapo. Ni hadithi tamu,
wageni huipenda, huisha pamoja na kahawa.
Ila siku ile Jakob alipokunja barua
aliinua macho ukutani, akahesabu taratibu
kama anayetafuta mayai yenye ufa.
"Na hizi nyingine," akauliza, "barua zao ziko wapi?"

Verlin hakujibu. Zote alishazifungua.
Nikamlipa Jakob dola zake, nikafunga mlango.

Tangu hapo nikipangusa vumbi
naanza na ya Mswisi, nagonga kitako kidogo, namsalimu.
Nikifika kwa zile nyingine
kitambaa kinakwenda polepole,
kama mkono unaopapasa mfuko wa koti la marehemu
ukiogopa kupata kitu.