Kifungo cha Tatu

Mara ya tisa naitazama picha hii ya kale,
nyeusi na nyeupe, kibandani kwa Mwarami, Buguruni Malapa:
mia mbili mlangoni, feni moja, benchi la kuumiza kiuno.

Mtafsiri anafoka: "Huyoo! Mumiani katoka jenezani!"
Watoto wanaingia chini ya mabenchi.
Mimi fundi cherehani. Natazama koti.

Kola imegeuzwa.
Ilichakaa shingoni, mtu akaifumua,
akaigeuza ndani nje, akairudisha kwa mkono,
kazi ya usiku, ya kibatari.
Nani hugeuza kola ya maiti?

Na kifungo cha tatu si ndugu wa wenzake.
Wao matundu mawili, hiki manne,
kimeshonwa msalaba kwa uzi mweupe.

Sasa mtazame yaya. Siyo bibi harusi mwenye mayowe;
yaya, yule anayepita na sinia,
ambaye mtafsiri hata jina hakumpa.
Mkono wa kushoto, penye kifundo,
kifungo hakipo. Kaubana kwa pini.

Mumiani anang'ata nyumba nzima.
Yaya anapita na sinia.

Nilimwambia Mwarami, akacheka:
"Mama Chausiku, wewe huenda msibani kukagua sanda."
Ndiyo. Si lazima mtu aikague?

Jana magharibi imeshaingia, kaja mteja,
koti jeusi, kifungo kimoja hana.
Nikamwaga kopo zima, kinachofanana hakuna.
Nikakata changu, cha mkononi.

Meno sikumtazama.