Sakafu ya Dhahabu

Baba, ile chembe uliyonifungia kwenye karatasi ya sigara
ukasema, "Ya nauli, wakikukatalia kazi,"
nimeichemsha.
Niliilisha tindikali mbili mpaka ikasalimu amri,
ikawa maji ya rangi ya chai iliyokosa majani,
nikatia chumvi ya limau, nikasubiri.

Nje, Iyunga ilikuwa Juni tupu:
Loleza haionekani, mlinzi Mwakifuna anaota mkaa
kwenye kopo la rangi.
Ndani, chupa ilipoteza umanjano, ikawa kama haina kitu,
ikaingia kijivu, ikajuta, ikaenda zambarau,
halafu nyekundu. Nyekundu ya juisi ya rozela.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Miaka ishirini na sita umeinamia karai kando ya Lupa
ukitafuta njano,
na hakuna aliyekwambia kwamba dhahabu
ikikatwa vidogovidogo kupita kiasi
huiva, kama kahawa mtini kule Mbozi.

Kibamba changu hakifiki ukucha wa kidole cha mwisho.
Kwako dhahabu ilikuwa bidhaa. Kwangu ni sakafu.
Molekuli zangu zina mkia wa salfa,
na salfa ikiiona dhahabu haitumi mshenga.
Nakizamisha kibamba jioni, nafunika, narudi Nzovwe kulala;
asubuhi nakuta zimesimama zenyewe, bega kwa bega,
zimeinama kidogo upande mmoja
kama ngano ya Uporoto upepo ukishapita.
Kisha nazivika zile chembe nyekundu.
Chini sakafu, juu kofia, katikati molekuli moja:
huo ndio waya.
Siku moja utakuwa swichi.
Mama aliuliza itawasha taa gani.
Bado, mama.

Nawe ulikuwa na kitu chako kinachoipenda dhahabu.
Zebaki, ndani ya kizibo cha soda.
Uliikanda kiganjani, ukaichoma kwenye kijiko pale mlangoni,
mama akihamisha sufuria ya uji upande utokako upepo.
Dhahabu iliishika, ikaiachia.
Wewe ilikushika, haikukuachia.
Sasa kikombe kikikufika mdomoni kimebaki nusu.

Sindano yangu hushuka polepole kuliko ukucha unavyoota.
Lori la Tunduma likipita barabara kuu
jengo zima halisikii chochote,
ila sindano inasikia,
na mstari kwenye kioo unachafuka kama mwandiko wa mlevi.
Ndiyo maana hufanya kazi saa tisa usiku.

Ulipokuja nilikuwekea kiti mbali na meza
nikaona aibu kusema kwa nini.
Hukuuliza.
Uliitazama sindano,
ukaitazama mikono yako ikicheza mapajani,
ukajinyanyua kidogo, ukaikalia.
Yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.
Na pumzi ukaibana.

Lori moja.
Lingine, na breki zake.
Halafu kimya, hata mkaa wa Mwakifuna umezimika.

Mstari ukapanda ngazi moja. Ukatulia juu yake.
Umeme usioweza kumtekenya hata sisimizi
unateremka kwenye molekuli moja
kutoka chembe yako mpaka sakafu yangu.

"Imepita?" uliniuliza, pumzi bado umeibana.

Imepita, baba.

"Gramu ngapi?"

Nikafungua chupa ya chai.
Nikakumiminia nusu kikombe, makusudi,
nikakupa.