Jumatatu ya Makedi

Jumatatu uwanja hauna wenyewe.
Baa ya klabu imefungwa, viatu vya misumari
viko kabatini vikinuka wikendi,
nasi makedi twaja na fimbo za kuokoteza:
namba saba ya marehemu fulani,
namba tano iliyopinda shingo,
pata iliyozungushiwa mpira wa baiskeli.

Miaka kumi na minane nimebeba mikoba.
Nimesema, "Mia na arobaini, mzee,
upepo wa Eburru unakujia kushoto,"
nikanyamaza, nikatazama mkono wa mwingine
ukikosa nilichokiona mimi.
Leo begani sina kitu.
Bega linashangaa.

Shimo la kwanza halimtishi mtu.
Limelala wazi, lakusalimu tu,
kama jirani asiyekudai.
Ila ukiliamini, ukapiga katikati,
utakuta katikati si katikati:
ardhi inainama polepole kuelekea leleshwa,
na mpira unaifuata
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Leleshwa: kijivu kwa mbali, fedha ukikaribia,
na ukiikanyaga, harufu ya dawa ya kifua
hukupanda hadi utosini.
Mpira ukiingia humo, usiufuate kwa matusi.
Nimeona huko mipira ya zamani za baba,
imeiva kwa jua, rangi ya jino.

Baba yangu, Ekeno, alikuwapo
uwanja ulipopangwa. Anasema ramani haikuwepo.
Palikuwa na bwana mmoja mwembamba, mgonjwa wa pumu,
siku tisa akitembea, asichimbe hata koleo moja.
Alifuata kondoo.
Walipojikunja kuukwepa upepo,
hapo akachomeka kijiti: bunka.
Waliposimama juu, masikio wima, kutazama Elementaita,
akachomeka kingine: grini.
Ndiyo maana hadi leo
tunacheza juu ya usingizi wa kondoo.

Mwaka mmoja kamati ikataka bunka nyeupe
kama zile za kwenye televisheni.
Ikaleta lori zima la unga wa mawe kutoka Kariandusi.
Upepo wa Julai ukauinua wote kwa mkupuo.
Jaji Kirubi alirudi mweupe, nyusi hadi soksi;
mkewe akampita mlangoni.
Baba hakucheka. Alichukua toroli
akarudisha mchanga wa korongoni, wenye rangi ya hapa.

La nne ni fupi kama swali la mtoto,
na jibu lake gumu vilevile.
Nilipata sita. Tuliachie hapo.

La saba ndilo ninalolipenda na kuliogopa.
Kushoto njia ndefu, pana, ya watu wenye mikopo.
Kulia, juu ya korongo, njia ya mkato,
na ng'ambo yake shimo moja la mchanga
ambalo kamati tatu zimeazimia kulifukia
na baba akalikalia ndani hadi zikaondoka.
Uwanja huu haukulazimishi.
Unakuuliza tu: leo umeamkaje?

Wanachama wakiulizwa hivyo hunigeukia mimi.
Leo nami nikageuka.
Nyuma yangu palikuwa na kunguru mmoja.

Nikapiga kulia.
Mlio ule, sijui niuite nini,
kama kufuli linalofunguka kwa ufunguo uliokuwa
mfukoni mwako siku zote.
Mpira ukavuka korongo. Ukavuka vizuri.
Ukadunda mara moja kwenye udongo wetu wa jivu,
mgumu, mkavu hata baada ya mvua ya usiku,
ukashuka palepale
ndani ya shimo la baba.

Nikateremka na namba saba ya marehemu.
Humo ndani upepo ukakatika ghafla.
Nikasikia pumzi yangu. Nikahisi joto
limekaa kwenye ukuta wa mchanga
mfano wa mgongo wa mnyama aliyeondoka sasa hivi.

"Arupe, piga! Giza linaingia!"
Nikasema, naja.
Nikachuchumaa kidogo kwanza.