Usiguse, Mimi Najua

Fuso hili lilibeba vitunguu vya Mang'ola miaka kumi na minne,
na vuli ikianza kupiga bati
kitanda, jiko, pazia la maua, vyote vinanuka kitunguu.
Bi Eliakunda anacheka: "Ndiyo nyumba yangu, fundi. Ingia. Vua viatu."

Naingia na testa mfukoni, mita shingoni.
Umeme unaingia humu kwa milango mitatu:
waya mrefu wa Tanesko unaotambaa toka ukuta wa gereji, hapa Pasua,
jenereta iliyofungwa minyororo chini ya tumbo,
na jua, lililotegwa juu ya paa, likashushwa kwenye betri nne.
Fahali wawili hawakai zizi moja, hilo tunalijua.
Huyu wa tatu hakuna aliyemtabiri.

"Ukichomeka wa ukutani," anasema, "friji inatetemeka kama mwenye malaria,
taa inafumba, inafumbua,
kisha kitu kinalia: ta-ta-ta-ta,
kama mtu anayetafuta neno."

Nafungua kisanduku nyuma ya kabati la vikombe.
Hapo ndipo ninapokutana na marehemu.

Si kwenye picha. Kwenye plasta,
plasta ya hospitali, imebandikwa juu ya kila waya,
na herufi kubwa za mpima mizani wa kiwanda cha sukari:
HUU SIO HUU.
ULIZA KWANZA.
Na juu ya rilei yenyewe, kwa kalamu nyekundu:
USIGUSE, MIMI NAJUA.

Alijua, Bwana Lyaruu.
Alijua kwa nini waya wa kahawia unageuka bluu katikati ya njia,
kwa nini nyutro mbili zimefungwa fundo moja kama mbuzi wa mnadani.
Akaondoka Machi na yote aliyoyajua.
Mimi nazima. Nachomoa. Napima: sifuri.
Naipima mita yenyewe kwenye soketi ya gereji,
maana mita nayo hudanganya.
Ndipo naingiza kidole.

Sisimizi.
Wamejipanga kati ya ndimi mbili za shaba,
weusi, wamekaangwa, wengine juu ya wengine.
Walifuata joto, wakakuta radi.
Ulimi haufiki kwenye ulimi. Ndiyo ile ta-ta-ta.

Napiga mswaki, lakini shaba imeshalika,
ina vishimo kama jino la mla miwa.
"Rilei mpya," namwambia. "Na hizi nyutro lazima zitengane.
Zikiendelea kulala pamoja, siku moja utatoka kuoga,
utashika mlango wa gari ukiwa na maji mwilini..."
Simalizii. Anamalizia yeye:
"Nitamfuata."

Na plasta? Tuziache?
Anasogea, anaisoma ile nyekundu, midomo ikicheza.
"Miaka tisa nimepika humu. Maharage Same, ugali Babati, samaki Kilwa.
Taa ikizima ananiambia, kaa hapo hapo, mimi najua.
Nikakaa hapo hapo."
Mvua inapita juu yetu.
"Bandua, fundi. Halafu unifundishe, polepole.
Nilishika hazina ya kikoba, sishindwi na nyaya."

Narudi mjini na bodaboda, naja na rilei kwenye mfuko wa mkate.
Yeye anaandika plasta zake, mwandiko mdogo, wa kulala:
Huu wa ukutani. Huu wa juani.
Hapa subiri sekunde tano, jenereta ipumue.
Ile nyekundu ameibandika juu ya kopo la sukari.

Nje, nimeushika waya wa Tanesko.
"Tayari?"
"Chomoa!"
Nachomoa.
Feni inaendelea kuzunguka. Redio inaendelea na bei ya kahawa.
Kimya. Kisha sauti yake dirishani,
kama ya mtu aliyepunjwa chenji:
"Mbona sijasikia kitu?"
Umeshahama, mama. Ukihama vizuri hausikiki.

Hajibu.
Vitunguu vinanuka.
"Rudisha," anasema. "Halafu chomoa tena.
Safari hii nitaweka sikio ukutani."