Safu ya Mwisho

Fomu ya kupima mvua hapa Bahi ina safu tano:
tarehe, saa, milimita, upepo,
na ya mwisho, pana kuliko zote: JAMBO LILILOONEKANA.
Miaka minne nimeijaza kistari.

Kwenye semina Dodoma mjini walitueleza:
jambo ni chochote kinachojitokeza mbele ya macho
kabla hujakitafutia sababu.
Kisha tukala wali, tukasaini posho.

Jumatatu chamchela ilikatiza uwanja wa shule,
ikabeba daftari la Ndahani mpaka mnadani.
Nikamuuliza mama yake, je, hili ni jambo?
Akasema, huo ni upepo.
Jambo ni baba yake kufua shati lake mwenyewe.

Stendi wanasema *tukio*: ujue polisi wamefika.
Vijana wanasema *amepigwa tukio*: ujue simu imekwenda.
Bibi Chilewa akimkuta mjukuu anasimulia mbuzi hadithi
husema *kioja hiki*,
na kumwongezea uji.

Halafu usiku wa Alhamisi
Mto Bubu ulikuja.

Bahi haikudondoka hata tone.
Kipimo changu kikavu, buibui kalala ndani.
Mvua ilikuwa ya watu wa Kondoa, huko juu;
sisi tuliletewa mlio, kama lori la chumvi
linalopanda mlima, na Bahi mlima hakuna.
Mchanga ukalowa, ukang'aa, ukaanza kwenda.
Watu walitoka na tochi za simu
wakasimama ukingoni.
Usiku ule Bubu peke yake ndiye aliyesema.

Asubuhi nikashika kalamu.
Milimita: sifuri.
Upepo: shwari.
Safu ya mwisho nikaandika *Mto*, nikafuta,
nikaandika *Maji ya wenzetu*, nikafuta,
mpaka karatasi ikatoboka.

Chiloleti akapita na ndoo mbili, tope magotini.
"Hujambo?"
Neno nililolijibu tangu sijaota meno,
leo nikalisikia likifunguka:
ananiuliza kama hakuna lililonitokea.
Na sisi sote, kila kukicha,
wa homa, wa deni, wa ng'ombe aliyepotea,
hujibu hakuna, hakuna,
tunapita.

Nilichelewa. Ndoo zilikuwa zinamlemea.

"Ninalo," nikamwambia.
Akazitua chini.