Skrubu Nane

Lililetwa Njoro Jumanne, likivutwa na pikapu yenye jicho moja,
boksi la bati, urefu futi kumi na mbili,
la mnadani Arusha, la kampuni ya watalii iliyofilisika.
Ubavuni kulikuwa na stika ya twiga: imebaki shingo tu.
Nikafungua milango: harufu ya mafuta ya taa,
vumbi jeupe la mbugani,
na kijiko kimoja.

"Fundi Mbazi," akasema Mama Aikaeli, "mle ndani nataka
viti mia mbili, mahema manne, sufuria zangu zote,
na nikifika nifungue mlango visiniangukie."

Nikavuta futi kamba. Akashika ncha ya pili
kama mtu aliyezoea kushika ncha ya pili.

Nikamweleza habari ya uzito.
Kizito kikae mbele ya ekseli, ila si mbele mno;
ukijaza nyuma, trela hutikisa mkia,
na mteremko wa Kibosho haubembelezi mtu.
Akauliza: "Sasa kizito ni kipi,
nguzo za hema la harusi au nguzo za hema la msiba?"
"Si ni nguzo zilezile, mama?"
"Najua. Nilitaka nikusikie wewe."

Tuligombana juu ya tundu la hewa.
Turubai likifungiwa na unyevu huota madoa meusi,
na hakuna bibi harusi atakayekaa chini ya ukungu.
Nikakata, nikaweka wavu na kofia ya bati.
"Nimekulipa uzibe matundu," akafoka, "nawe unatoboa mengine!"
Nikamwambia aingie, nikamfungia.
Lomnyaki akapanda ngazi na ndoo tatu za maji,
akazimwaga zote juu ya paa.
Mama akatoka mkavu.
Hakuomba radhi. Alituma chapati.

Sakafu ni plaiwudi ya milimita kumi na nane.
Pete za kufungia kumi na nne, na kila moja
nimeishusha mpaka kwenye chuma cha fremu,
maana mbao huahidi tu.
Kila rafu nimeipa mdomo wa inchi mbili
ili sufuria zisijirushe kwenye matuta ya Himo.
Mlangoni raba mpya, kwa ajili ya vumbi;
vumbi la Januari hupita hata panapokataa sindano.

Alhamisi, kabla sijafunika ukuta wa kushoto,
akaniomba penseli iliyokuwa sikioni mwangu.
Akainama, akaandika kwenye bati tupu
namba ya simu, tarakimu kumi. Bila jina.

Nilimfahamu marehemu Ndekirwa.
Alianza na viti ishirini vya mbao na mkokoteni,
akivisukuma mwenyewe kutoka Pasua hadi Majengo,
na ukimkodi kwa msiba, hakutaja bei hadi siku ya tatu.

"Bado naiwekea vocha kila mwezi," akasema,
"wasije wakampa mtu mwingine."
Kisha akasimama, akapangusa magoti.
"Funga."

Ubao kama ule huwa naupiga skrubu sita.
Nilipiga nane.

Jumamosi lilikwenda harusini Kilema.
Saa tano usiku, nasikia, simu ikalia kutoka Uru,
wakavipakia viti vikiwa na chenga za maua bado,
na alfajiri vikapangwa kwenye uwanja mwingine
mbele ya watu waliokuwa hawajalala.
Hakuna aliyeviuliza vilikotoka.

Nusu ya hela yangu bado iko kwake.
Nitaifuata mwisho wa mwezi; hatanidhulumu, ila atanizungusha.
Jana nilikuwa nanunua riveti pale Mbuyuni
nikaliona likipita, limejaa, shingo ya twiga mbele,
likaingia kwenye mzunguko, likatoka.

Nikaangalia mkia.
Haukutikisika.
Taa ya kushoto tu ilikuwa ikikonyeza,
nami najua waya ule niliukaza.