Sifuri Nukta Sifuri Mbili

Saa mbili usiku, meza ya jikoni,
theluji imefika usawa wa dirisha,
na mimi, Tellervo Niskanen, karani mstaafu wa posta,
nina miwani mbili: moja ya kusomea,
nyingine nimeisahau kichwani.
Mbele yangu waraka wa kurasa arobaini na nne
wa mfuko unaonunuliwa sokoni kama hisa moja,
ndani yake kampuni elfu mbili mia tatu na kumi na sita,
zote ndogo, zote za ng'ambo.

"Zote ndogo?" Reino anapaza sauti kutoka kitini.
Misumeno ya kiwanda ilimla masikio miaka thelathini na mmoja.
"Zote!"
"Basi ukizijumlisha utapata kubwa moja."
Hajui kuwa amesema jambo. Au anajua.

Nimeanza na gharama, kama mama alivyoanza na miiba
aliponunua samaki: kwanza ujue usichokula.
Asilimia sifuri nukta tatu tisa kila mwaka,
iwe faida, iwe hasara.
Nimeipigia hesabu ya miaka ishirini nyuma ya bahasha ya umeme,
ikatoka bei ya paa jipya, upande wote wa kaskazini.
Haba na haba hujaza kibaba;
hakuna aliyesema kibaba ni cha nani.

Kisha sarafu: yeni ikiugua kule,
mimi ndiye ninayekohoa huku Ontario.
Kisha mchoro wa miaka kumi,
mstari unaopanda, unaoporomoka, unaopanda tena ukichechemea,
na chini yake, kwa herufi za sisimizi:
yaliyopita si ahadi ya yajayo.
Posta tulikuwa na mhuri wa namna hiyo:
KIMEHARIBIKA NJIANI.

Mkwe wetu Thibault anasema ninunue mashirika makubwa,
yale ambayo hata mtoto anayajua kwa nembo.
"Mdogo akianguka huvunjika. Mkubwa hutikisika tu."
Nikamwuliza kama amewahi kuona mti mkubwa ukianguka.
Simu ikawa kimya kidogo.

Ukurasa wa thelathini, orodha.
Watengeneza vifungo vya makoti, Toyama.
Kiwanda cha bawaba za majokofu, Brescia.
Kampuni ya Tasmania inayoosha chupa za wengine.
Kila jina na fungu lake:
sifuri nukta sifuri nne,
sifuri nukta sifuri tatu,
sifuri nukta sifuri mbili.

Hapo kalamu ikasimama.

Kiwanda chetu cha mbao kilikuwa na watu mia na themanini,
king'ora cha saa moja asubuhi,
timu ya hoki iliyofungwa kila msimu.
Mwaka kilipofungwa nacho, mwanasheria alitusomea wenye hisa,
na katikati ya majina, mfuko mmoja wa Ghent
wa kampuni ndogo za ng'ambo.
Ndogo ndio sisi. Ng'ambo ndio hapa.
Kwenye meza fulani ya jikoni, mtu fulani
alikuwa nasi bila kutujua,
Reino, king'ora, hoki na yote,
sifuri nukta sifuri mbili.
Siku king'ora kiliponyamaza, hakusikia kitu.
Na hiyo ndiyo faida ya kutawanya mayai, imeandikwa ukurasa wa tatu
kwa maneno marefu zaidi:
moja likipasuka, usisikie.

Simlaumu. Labda naye alikuwa na paa.

Nimeandika kwa penseli: moja ya kumi ya akiba, isizidi.
Nimeifuta. Nimeiandika tena palepale,
karatasi imeanza kuota manyoya.
Kisha nimerudi kwenye orodha, nikaanza kuyasoma majina kwa sauti,
sijui kwa nini, mpaka Reino akafumbua macho.

"Nani hao?"
"Watu wa Brescia. Wanatengeneza bawaba."
"Bawaba nzuri?"

Nimegeuza ukurasa, nikageuza na mwingine.
"Haijaandikwa."